MNYAPARA WA KAHAWA ALIYEGEUZA YOGA KUWA KAZI

Siku hizi miji mingi mikubwa duniani ina kumbi za yoga. Watu wanaingia na mikeka yao, wanalipa, wanajinyoosha, wanatoka. Ni biashara ya maana. Ila wengi wanaoiendesha hawajui kwamba sehemu kubwa ya wanachofundisha imepitia mikononi mwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye hakuwahi kufika Ulaya wala Marekani. Huyo ni Tirumalai Krishnamacharya. Nimemleta leo kwa ajili ya wale tunaosaka kibarua kila siku, maana mzee huyu alifungiwa ofisi akiwa na miaka zaidi ya 60 na akaanza moja.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1888 katika kijiji cha Muchukunte, himaya ya Mysore, kusini mwa India. Baba yake ndiye aliyemwanzishia yoga na lugha ya Kisanskriti, lakini alifariki mtoto akiwa na miaka kama 10 tu. Familia ikahamia Mysore mjini. Kijana akakazana na shule, akaenda mpaka Benares kaskazini kusoma falsafa na lugha. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa pia kama miaka saba kwa mwalimu wa yoga upande wa Tibet, ingawa baadhi ya watafiti wanaitilia shaka safari hiyo. Alisema alipomaliza, mwalimu hakutaka pesa. Ada aliyotakiwa kulipa ilikuwa arudi kwao, aoe, azae watoto na afundishe yoga.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Miaka ya 1920 yoga haikuwa na soko. Wasomi wengi wa India waliiona kama mambo ya ombaomba na watu wa maonyesho ya barabarani. Mtu mwenye elimu kama yake angeweza kutafuta cheo akatulia, lakini yeye alishika ile ahadi. Mwaka 1925 alimuoa Namagiriamma, na ili wapate kula akafanya kazi ya unyapara kwenye shamba la kahawa wilaya ya Hassan. Inasimuliwa kwamba hali ilikuwa ngumu kiasi cha kuchana kipande cha sari ya mkewe ili apate nguo ya kujisitiri. Siku za mapumziko alizunguka kutoa mihadhara na kuonyesha mikao ya yoga. Ni katika mzunguko huo, mwaka 1927, alimpata kijana wa miaka 12 aitwaye Pattabhi Jois.

Neema ikaja kupitia Maharaja wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar wa Nne, aliyekuwa anasumbuliwa na kisukari. Maharaja akamkubali, akampa mshahara, na mwaka 1933 shule ya yoga ikafunguliwa ndani ya kasri la Jaganmohan. Mwaka 1934 akatoa kitabu chake, Yoga Makaranda. Kutangaza kazi nako hakukosa vituko. Alizunguka na wanafunzi kufanya maonyesho, na inaelezwa kwamba alizuia gari kwa mikono na kuinua vitu vizito kwa meno. Alijua watu hawaji kujifunza kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Tusimpambe sana lakini. Mzee alikuwa mkali hasa. Shemeji yake, B.K.S. Iyengar, alifika kwake mwaka 1934 akiwa kijana dhaifu wa magonjwa, na miaka mingi baadaye bado alikuwa anakumbuka ukali ule. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, akiwa na miaka 18.

Wakati huohuo akatokea mwanamke mzaliwa wa Riga, Indra Devi, mke wa mwanadiplomasia. Mzee alimkatalia kwa sababu ni mwanamke na ni mgeni. Maharaja akaingilia kati. Mwalimu akampa masharti magumu ya chakula na ratiba, akitegemea atachoka. Mama wa watu hakuchoka. Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyemtaka aende akafundishe. Indra Devi alifungua darasa Shanghai mwaka 1939, na baada ya vita akafungua ukumbi Hollywood. Mtu aliyekataliwa mlangoni ndiye aliyeibeba kazi mpaka Marekani.

Sasa sikieni pigo. Maharaja alifariki mwaka 1940. Mrithi wake hakuwa na hamu ileile, na uhuru wa India mwaka 1947 ukamaliza fedha za kasri. Mwaka 1950 shule ikafungwa. Miaka yote ile alikuwa anategemea mteja mmoja mkubwa, na mteja alipoondoka, kila kitu kikaondoka naye. Kichwani ana elimu yote, nyumbani ana mke na watoto, mfukoni hamna kitu.

Mwaka 1952 akahamia Madras, ambayo leo ni Chennai. Inaelezwa kwamba mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo huko alikuwa mwanasheria aliyepata kiharusi. Hapo mzee akabadilika. Badala ya kundi la vijana wanaorukaruka kwa amri, akawa anamchukua mtu mmoja mmoja. Anampima mapigo ya mishipa, anamuuliza anakula nini na analala vipi, kisha anamtungia mazoezi yake peke yake. Mgonjwa, mzee, mwanamke, wa dini nyingine, kila mtu kwa hali yake.

Mwanawe Desikachar alikuwa amesomea uhandisi na hakuwa na habari na yoga. Inasimuliwa kwamba siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliona mama wa Kizungu akimkumbatia baba yake barabarani kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amelala usiku bila dawa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kijana akaachana na uhandisi, akakaa chini kujifunza. Mwaka 1976 alianzisha taasisi yenye jina la baba yake huko Madras.

Akiwa na miaka 96 mzee alivunjika nyonga. Akakataa upasuaji, akajitungia mazoezi ya kufanya kitandani. Alifariki tarehe 28 Februari 1989 akiwa na miaka 100. Wanafunzi wake Jois, Iyengar na Indra Devi walijulikana duniani kuliko yeye.

Mimi ninachokiona ni hiki. Ahadi yake ya kufundisha hakuibadilisha, hata alipokuwa hana nguo. Alichobadilisha ni namna ya kufundisha na watu aliokubali kuwafundisha, na hicho ndicho kilichomlisha uzeeni. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunabadilisha kazi kila mwezi, lakini tabia ya kumhudumia mteja ni ileile.

Haya wadau, wewe kazi yako inategemea mteja mmoja? Akiondoka kesho utafanyaje? Tupia maoni hapo chini.