Edison na mashine ambayo hakuna aliyeiomba

Kaa kwenye vimbweta jioni, utasikia mipango. Huyu anatengeneza programu ya simu, yule ana mashine ya kukaushia nguo za hosteli. Muulize nani atanunua, atakujibu kwamba ikishakamilika watu watakuja wenyewe. Kabla hujalimwaga bumu lako lote huko, pitia kwanza maisha ya Thomas Edison.

Alizaliwa mwaka 1847 mjini Milan, Ohio, nchini Marekani. Akiwa bado mtoto alikuwa anauza magazeti na peremende kwenye treni ya Port Huron na Detroit. Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zikafika habari za mapigano ya Shiloh. Dogo ana miaka 15. Akaona watu Detroit wamesongamana kwenye ubao wa habari, akashtuka: kama hapa ni hivi, je, kule mbele? Akaomba vichwa vya habari vitumwe kwa telegrafu na kubandikwa kwenye stesheni za njiani, kisha akachukua magazeti 1,000 kwa mkopo. Kila stesheni alikuta umati unamsubiri. Gazeti la senti 5 akaishia kuliuza senti 25.

Cha ajabu, alipokua somo hilo likamtoka. Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, alipata hataza yake ya kwanza: mashine ya umeme ya kuhesabu kura za wabunge. Kura za kuitana majina zilikula muda mwingi. Mashine yake ilimaliza kazi fasta. Ikapelekwa Washington, ikakataliwa. Kumbe ule uchelewaji ulikuwa silaha. Upande wenye wabunge wachache ulihitaji muda huo kukwamisha miswada na kuwashawishi wenzao wabadilishe msimamo. Jamaa alikuwa ametibu ugonjwa ambao wenyewe hawakutaka upone. Hapo akaapa kutopoteza tena muda kwa kitu kisicho na mnunuzi.

Na kiapo hicho kilionekana kwenye umeme. Mwaka 1879 balbu yake iliwaka vizuri maabara. Mwingine angekimbilia kuchimba mitaro. Edison alituma watu wapite nyumba kwa nyumba kusini mwa Manhattan, New York, kuuliza: mnatumia taa ngapi za gesi, kwa saa ngapi, na mnalipa kiasi gani? Akapiga hesabu umeme wake ushindane na bei ya gesi, akachora eneo la kuanzia, ndipo akafukia nyaya. Kituo cha Pearl Street kilipowashwa tarehe 4 Septemba 1882, wateja walishajulikana walipo.

Alifariki mwaka 1931, na kwa jumla hataza zake za Marekani zilifikia 1,093. Ile ya kwanza haikumwingizia kitu, ila ndiyo iliyomfundisha biashara.

Sasa rudi kwenye kimbweta. Ukimuuliza mwenzako kama wazo lako ni zuri, atakwambia ni zuri, maana ni mshikaji wako. Muulize kama wale watu wa Edison: tatizo hili leo unalitatuaje, na linakugharimu shilingi ngapi? Kama hatoi hata mia, bora umejua sasa, bumu likiwa bado mfukoni.