Max von Stephanitz

Max von Stephanitz (Dresden, 30 Desemba 1864 – Dresden, 22 Aprili 1936) alikuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi nchini Ujerumani na mfugaji wa mbwa. Anajulikana kama mwanzilishi wa aina ya mbwa iitwayo mbwa mchungaji wa Kijerumani, na kama mmoja wa watu wa kwanza kudai kwamba mbwa asipandishwe kwa sababu ya sura yake pekee.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya kikabaila. Akiwa jeshini alipelekwa kwa muda katika chuo cha utabibu wa mifugo mjini Berlin, ambako alijifunza maumbile ya wanyama na jinsi sifa zinavyorithiwa. Alifikia cheo cha kapteni, kisha akaacha jeshi na kutumia muda wake kwenye shamba lake la Grafrath, Bavaria.

Wakati huo Ujerumani haikuwa na aina moja ya mbwa wa kuchunga kondoo. Kila jimbo lilikuwa na mbwa wake, wakubwa kwa wadogo, wenye masikio yaliyosimama au yaliyolala. Chama cha Phylax, kilichoundwa mwaka 1891, kilijaribu kuwaunganisha lakini kikavunjika baada ya miaka michache. Wanachama wake hawakukubaliana: wengine walitaka mbwa wa kazi, wengine walivutiwa zaidi na umbo linalofanana na mbwa mwitu na lenye kupendeza machoni. Ugomvi huo ndio uliomfuata Stephanitz maisha yake yote.

Horand na kuundwa kwa chama

Tarehe 3 Aprili 1899 Stephanitz na rafiki yake Artur Meyer walihudhuria maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe. Huko waliona dume lililoitwa Hektor Linksrhein, mwenye nguvu, utulivu na mwonekano wa mbwa mwitu. Stephanitz alimnunua papo hapo, akamwita Horand von Grafrath. Wiki tatu hazijatimia, tarehe 22 Aprili, chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani kiliundwa, naye akawa rais wake. Horand aliandikwa wa kwanza katika kitabu cha nasaba cha chama.

Ili kuimarisha sifa za Horand haraka, wafugaji walipandisha ndugu kwa ndugu. Mwanawe, Hektor von Schwaben, alipandishwa na jike aliyekuwa dada yake kwa baba. Njia hiyo ilileta mbwa wanaofanana katika muda mfupi, lakini pia ilikusanya kasoro za ukoo mmoja. Stephanitz aliitambua hatari hiyo na kuruhusu damu ya mbwa wa wachungaji wa nje kuingizwa. Hata hivyo, karibu kila mbwa wa aina hii aliyepo leo anatokana na Horand.

Masharti ya upandishaji

Kwa Stephanitz uzuri wa mbwa ulikuwa katika kazi yake. Mwendo, pembe za miguu na urefu wa mgongo vilipimwa kwa swali moja: je, mbwa huyu anaweza kutembea na kundi la kondoo tangu asubuhi hadi jioni? Mbwa mwoga au mkali bila sababu hakufaa kuzaa, hata awe mzuri namna gani. Malisho ya kondoo yalipopungua kutokana na viwanda, aliwashawishi polisi na jeshi kuwatumia mbwa hao, kwa kuwa aliona kwamba mbwa asiye na kazi angeharibika tabia. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walitumika kupeleka ujumbe na kutafuta majeruhi, na mwaka 1916 shule ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg kwa ajili ya askari waliopoteza macho.

Baada ya vita umaarufu huo ukawa balaa. Watu wengi walitaka mbwa hao, na wauzaji walizalisha ovyo ili kupata fedha. Mbwa wakawa warefu mno, na wengi walikuwa na meno mabovu na tabia isiyoaminika. Chama kikaanzisha ukaguzi rasmi: mbwa alichunguzwa umbo na tabia, kisha akatangazwa kufaa au kutofaa kuzaa. Mwaka 1925 mbwa mfupi zaidi, Klodo von Boxberg, alichaguliwa kuwa bingwa. Ulikuwa uamuzi wa kuwaambia wafugaji wageuze njia, maana dume bingwa hupandishwa na majike wengi.

Suala la mbwa mwitu

Kuna wanaodai kwamba baadhi ya mbwa wa mwanzo katika kitabu cha nasaba walikuwa na damu ya mbwa mwitu. Jambo hilo bado linabishaniwa. Jina lenyewe lilileta madhara: nchini Uingereza aina hii iliandikishwa kama mbwa mwitu wa Alsace, na mwaka 1929 Australia ilizuia kuingizwa kwake kwa hofu kwamba angechanganyika na dingo. Mbwa mwitu halisi walipandishwa na mbwa hawa kwa makusudi na watu wengine, kwa mfano Leendert Saarloos wa Uholanzi.

Kitabu chake na miaka ya mwisho

Kitabu chake kikubwa kuhusu mbwa mchungaji wa Kijerumani, kilichopanuliwa mara kadhaa, kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1923. Bado kinasomwa na wafugaji, ingawa ndani yake mna pia mawazo ya utaifa na ubaguzi wa Wayahudi ambayo wanahistoria wameyakosoa.

Stephanitz aliondoka kwenye uongozi wa chama mwaka 1935, wakati wa utawala wa Wanazi. Alifariki mwaka uliofuata, tarehe ileile ambayo chama kiliundwa miaka 37 nyuma. Baadaye maradhi ya viungo vya nyonga yalienea katika aina hii, na wafugaji wakaanza kudai picha za eksirei kabla ya kupandisha. Mgongo unaoteremka nyuma, unaopendwa katika baadhi ya maonyesho, unalaumiwa na madaktari wengi wa mifugo.