Rosamond Carr: Jina la mume wa zamani lililodumu Gisenyi

Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyeishi kaskazini magharibi mwa Rwanda kwa takriban nusu karne, alifariki dunia mjini Gisenyi tarehe 29 Septemba 2006 akiwa na umri wa miaka 94. Wengi wanamkumbuka kwa kituo cha mayatima alichokianzisha baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ni wachache wanaotafakari kwamba jina la Carr halikuwa la baba yake, bali la mume ambaye ndoa yake naye ilikuwa imekwisha kabla hajaanza maisha yake Rwanda.

Alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la New Jersey, katika ukoo wa Halsey. Alikuwa kijana mchora picha za mitindo ya mavazi mjini New York alipokutana na Kenneth Carr, mwindaji na msafiri Mwingereza aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Walifunga ndoa mwaka 1942, na mwaka 1949 wakahamia Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Ndoa hiyo haikustahimili maisha ya Afrika. Kenneth aliondoka, Rosamond akabaki, na mwaka 1955 akavuka kuja Rwanda kusimamia shamba la maua la Mugongo, chini ya milima ya Virunga, nje ya mji wa Gisenyi.

Kwa mwanamke wa tabaka lake wakati ule, kuachana na mume lilikuwa pia suala la kuitwa nani. Adabu za Marekani zilimtaka mke aitwe kwa jina zima la mumewe, la kwanza na la ukoo, kana kwamba lake mwenyewe halipo. Akiachika, aliruhusiwa kuliondoa jina la kwanza la mwanamume na mahali pake kuweka la ukoo wa baba, huku jina la ukoo wa mume likisalia mwishoni. Kwa kipimo hicho, Halsey na Carr kukaa bega kwa bega ni alama ya ndoa iliyovunjika, ingawa Wamarekani wengi walioolewa nao huweka jina la baba katikati. Rosamond aliyabeba yote mawili mpaka kwenye jalada la kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1999.

Rwanda alikokuja kuishi haikuwa na desturi hiyo. Kwa mila ya Kinyarwanda kila mtoto hupewa jina lake, lisilo la ukoo, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa, na binti akiolewa halazimiki kuliacha lake. Jirani atamtaja kuwa ni muka fulani, yaani mke wa fulani, na akizaa ataitwa mama wa mtoto wake. Lakini hayo ni maneno ya heshima na utambulisho, hayafuti jina. Waislamu wanaozungumza Kiswahili nao wanalijua jambo hili kwa njia yao: binti wa fulani hubaki binti wa fulani, awe ameolewa au ameachika. Desturi ya mke kuchukua jina la mume ilikuja na Wazungu, sambamba na tofauti ya Kifaransa kati ya madamu na madmazeli.

Rafiki yake mkubwa alikuwa kinyume chake. Dian Fossey, mtafiti wa sokwe aliyeikimbia Kongo mwaka 1967 na kusaidiwa na Rosamond kuanza upya upande wa Rwanda, hakuolewa kamwe. Wenyeji walimpa jina la Nyiramacibiri, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mwanamke aishiye peke yake mlimani. Mmoja alitambulishwa kwa mwanamume asiyekuwapo tena, mwingine kwa kutokuwa na mwanamume. Filamu ya mwaka 1988 kuhusu Fossey ilimwingiza Rosamond kama mhusika, na hapo jina la Carr likaenea duniani.

Hata hivyo, jina na mali ni mambo mawili. Mugongo haikuwa urithi wala posho ya mume: Rosamond aliisimamia kwanza kwa niaba ya wengine, kisha akainunua. Alilima pareto, na biashara hiyo ilipodorora aligeukia maua ya kupamba mahoteli na balozi. Wanyarwanda wengi wa kizazi chake walikuwa na majina yao bila bughudha, lakini ardhi waliilima kwa kupitia baba, mume au kaka. Ni sheria ya mwaka 1999 iliyowapa mabinti haki ya kurithi sawa na kaka zao, wakati nchi ilipokuwa imejaa wajane. Hapo waliofunga ndoa bila cheti ndio waliopata taabu, kwa kuwa serikali haikuuliza mwanamke anaitwa nani, bali kama ndoa yake imeandikishwa.

Mwezi Aprili 1994 Rosamond aliondolewa nchini. Alirejea mwezi Agosti, akiwa na miaka 82, akakuta nyumba imeporwa. Sembagare, msimamizi wa shamba na mwandani wake wa miaka mingi, alikuwa ameponea chupuchupu. Mwezi Desemba mwaka huo wakaligeuza banda la kukaushia pareto kuwa makazi ya watoto. Wakati huo Rwanda na kambi za Goma zilikuwa zimejaa watoto waliotengana na wazazi wao, na wengine walikuwa wadogo mno hata kueleza wao ni nani.

Kituo hicho hakikupewa jina la Carr wala la Halsey. Kiliitwa Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma, na kwa waanzilishi wake likimaanisha malezi ambayo mama angempa mwanawe. Rosamond mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Watoto zaidi ya 400 walipita mikononi mwake.

Machafuko ya mwaka 1997 yalikilazimisha kituo kuihama Mugongo, kikahamahama kwa miaka minane. Watoto walirudi shambani mwezi Desemba 2005. Miezi tisa baadaye bibi huyo alifariki, akazikwa huko huko Mugongo.