Sajenti Aliyerukia Kifaru

Kila anayesomea ualimu wa historia anaijua KAR. Kwenye mtihani tunaiandika kwa herufi tatu, tunaeleza jinsi Mwingereza alivyopeleka Waafrika vitani, kisha tunahamia swali linalofuata. Mimi nilikuwa chumbani kwangu Kihonda naandaa somo la mazoezi ya kufundisha, nikakutana na batalioni ya sita ya KAR, ile ya Tanganyika, na mzungu mmoja anaitwa Nigel Leakey. Nikaona huyu lazima nimlete hapa.

Leakey alizaliwa Kiganjo, Kenya, tarehe 1 Januari 1913. Ndiyo, ni ukoo uleule wa Louis Leakey wa Olduvai. Alisoma Bromsgrove, Uingereza, akarudi Kenya kulima. Mlowezi kamili, tusizunguke. Vita ilipokuja akawa sajenti katika batalioni ya 1/6, pamoja na askari waliotoka huku kwetu.

Mdogo wake, Rea, yeye aliingia kikosi cha vifaru cha Uingereza. Mwaka 1941 alikuwa Tobruk, Libya, katika kikosi chenye vifaru vilivyoitwa kruza, jina lililoazimwa kwa meli za kivita ziendazo kasi. Wazo lilikuwa kifaru kikimbie, kimzunguke adui. Kile cha A9, kilichobuniwa na John Carden wa Vickers, kilikuwa na uzito wa tani kama 12, mzinga wa milimita 40, na mwendo wa kilomita kama 40 kwa saa. Kasi hiyo ilikuwa na gharama: bamba lake nene kuliko yote lilikuwa milimita 14. Chukua rula, pima. Halafu kuna udhaifu uliovikumba vifaru vyote vya zama zile, vya Mwingereza hata vya Mtaliano: ukishafunga mfuniko, unachungulia kwenye vitundu tu. Mtu akishafika ubavuni mwako, humwoni.

Nigel aliupitia udhaifu huo kwa miguu.

Addis Ababa ilikwishaanguka tarehe 6 Aprili 1941, na KAR walikuwa wanawasukuma Wataliano kuelekea kusini. Tarehe 19 Mei, mahali panapoitwa Colito, makombania mawili ya batalioni yalivuka mto na kushika ng'ambo. Leakey alikuwa na mota. Mabomu yalipomwishia akasogea mbele kuona kama anaweza kusaidia. Ghafla vifaru vya Wataliano vikashambulia, na kimoja kikatokea nyuma ya askari wetu. Leakey akakirukia juu, huku risasi za pande zote mbili zikipita. Akavuta mfuniko ukafunguka, akawapiga kwa bastola kamanda na wenzake, akambakiza dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Alitaka kuutumia mzinga wa kifaru kile, ukagoma. Akashuka.

Sasa hapa ndipo mimi nilipokwama. Hakwenda kuviwinda vifaru vilivyobaki akiwa peke yake. Alikwenda na sajenti meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Vifaru viwili vikawapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua, akaua mtu mmoja ndani, kisha kifaru cha nne kikamwangusha kwa bombomu. Alikuwa na miaka 28.

Msalaba wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945, na jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu Nairobi. Maelezo ya tuzo yanawataja wale watatu, lakini kwa vyeo tu. Majina hayamo. Jamani, watu watatu wanafuata vifaru kwa miguu, kwa vita isiyo yao, na karani anaandika cheo anapita! Ushujaa wa Leakey siupunguzi hata kidogo. Nasema tu kwamba walikuwa wanne.

Batalioni ilirudi na jina la mahali. Kambi yake Dar es Salaam ikaitwa Colito, na ni humo maasi ya Tanganyika Rifles yalipoanzia Januari 1964. Leo ni Lugalo, jina la mahali Wahehe walipowapiga Wajerumani mwaka 1891.

Likizo inakuja. Kama kwenu kuna medali au picha ya babu wa KAR, muulizeni bibi kama mzee aliwahi kutaja Colito. Mkipata jina, niandikieni hapa jaridani.