Jacques Monod na ujumbe usiodumu

Wengi wetu tulilisikia neno mRNA wakati wa UVIKO-19, kwa sababu ya chanjo. Mmoja wa waliolipa jina hilo alikwishafariki zamani: Jacques Monod wa Ufaransa.

Alizaliwa Paris mwaka 1910, akakulia Cannes, mji wa pwani. Polio ya utotoni ilimwacha akichechemea. Alipiga selo, ile fidla kubwa, akaongoza kwaya. Nusura sayansi impoteze kwa muziki.

Wajerumani walipoikalia Ufaransa, Monod aliingia katika upinzani wa siri. Mkewe, Odette, alitoka familia ya Kiyahudi, kwa hiyo hatari ilifika hadi nyumbani. Inasimuliwa kwamba nyaraka alizificha ndani ya mguu wa kiunzi cha twiga kilichosimama nje ya maabara yake. Ndiyo, twiga, hukohuko Paris! Karatasi moja ikinaswa, watu wangeuawa.

Baada ya vita alihamia Taasisi ya Pasteur, akachunguza bakteria wanaokula sukari ya maziwa. Wakipewa sukari hiyo, ndani ya dakika chache hutengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Ikiondolewa, huacha upesi. Sasa agizo hutokaje kwenye DNA hadi protini inapotengenezwa? Mwaka 1961 yeye na François Jacob walijibu: hubebwa na nakala, RNA mjumbe, na nakala hiyo haidumu. Kwetu sisi, hapo ndipo penye uzito. Ujumbe usiofutika ungeendelea kuamuru kazi isiyohitajika tena.

Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff. Saratani ya damu ilimuua Monod mwaka 1976.

Hakuyaona yaliyofuata. Mwaka 1979, watafiti wa hamira walieleza kuwa ujumbe wenye alama ya kusimama mahali pasipostahili hufa mapema kuliko ulio mzima. Katika seli zetu, nakala hukatwa na kuungwa kabla ya kutumika, na kila kiungo huachiwa kitambulisho. Ribosomu, mtambo unaosoma ujumbe, huvibandua vitambulisho hivyo unapopita. Ukisimamishwa kabla ya wakati, kitambulisho kilichobaki mbele huwa ushahidi wa kasoro. Protini iitwayo UPF1 huita vimeng'enya, na nakala huvunjwavunjwa. Ikiachwa, seli hutengeneza vipande vya protini, na vingine huvuruga kazi ya protini nzima.