Sayyida Salme: Mapenzi ya Miaka Michache, Maswali ya Umri Mzima

Katika kasri la Bet il Mtoni, ufuoni kaskazini mwa mji wa Zanzibar, alizaliwa Sayyida Salme tarehe 30 Agosti 1844. Babaye alikuwa Sultani Sayyid Said. Mamaye, Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema: mwaka wa 1859 alikuwa katibu wa njama ya nduguye Barghash dhidi ya Sultani Majid, na njama iliposhindwa, alijikuta ametengwa na wengi wa jamaa zake.

Ni katika upweke huo alipomjua Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Walipendana, naye akashika mimba. Kwa binti wa Sultani, tena wa mwanamume asiye Mwislamu, hilo lilikuwa jambo la kuhatarisha uhai. Agosti 1866 alitoroka ndani ya Highflyer, manowari ya Kiingereza, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku iyo hiyo. Mtoto huyo alifariki walipokuwa safarini kuelekea Ujerumani.

Maisha ya Hamburg yaliegemea mtu mmoja. Heinrich alikifahamu Kiswahili, na ndiyo lugha waliyozungumza nyumbani. Wakajaliwa watoto watatu. Kisha, Agosti 1870, Heinrich akafa kwa ajali ya tramu. Mjane alikuwa hajatimiza miaka ishirini na sita.

Masimulizi mengi kumhusu huishia hapo, au huruka hadi siasa za Bismarck, kana kwamba Salme alikuwa tu mwanamke aliyeacha ufalme kwa ajili ya penzi. Maandishi yake yanakanusha wepesi huo. Tawasifu aliyoichapisha kwa Kijerumani mwaka wa 1886 imesheheni utoto, harusi na vyakula vya kasri, ila penzi lenyewe limepewa nafasi finyu mno, na mimba haitajwi. Aliyoyanyamazia humo aliyaandika kwingine, katika barua ndefu kwa rafiki wa Zanzibar asiyetajwa jina, ambazo hazikuchapishwa katika uhai wake. Humo ndimo anamoitazama ndoa yake akiwa peke yake. Anatambua kwamba alibatizwa bila kuielewa dini aliyoingia. Kwa nje alikuwa Mkristo, ilhali moyo haukuwa umehama. Alimfuata mtu, na mtu huyo alipoondoka, ikambidi ajiulize ni kipi kilichobaki ambacho kilikuwa chake mwenyewe. Pengine hangeliuliza swali hilo kama Heinrich angeliishi.

Wala jibu halikumjia kwa urahisi. Alihamahama miji ya Ujerumani, akafundisha Kiarabu ili kuwalea wanawe, na hakuolewa tena. Mwaka wa 1885 alirudi Zanzibar akiandamana na manowari za Kijerumani, akitumaini kupata urithi wake. Barghash, yule yule aliyemwandikia barua za njama, alikataa kumpokea. Alijaribu tena mwaka wa 1888 bila mafanikio. Baada ya hapo hakurejea kuishi Hamburg wala Zanzibar, bali aliishi Jaffa na Beirut, miongoni mwa watu wazungumzao Kiarabu, hadi mwaka wa 1914.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe. Katika vitu alivyoviacha palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar, nao ukazikwa pamoja naye.