Miaka 29 ya Johannes Rebmann

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mimi huwaonea huruma walimu wa zile shule ambazo hazitajwi. Wenzao wa shule zilizoongoza hubebwa mabegani, huimbiwa na hupigwa picha. Wale wa shule zilizoburura mkia hunyamaza, na wengine wao hukuta lango limetiwa kufuli na wazazi wenye hasira. Nimeshika chaki kwa miaka mingi, na kuna msimu mmoja nilipokuwa miongoni mwa walionyamaza. Nayajua maumivu ya mtu aliyefanya kazi kwa moyo wake wote kisha akaulizwa ana nini cha kuonyesha. Ilikuwa katika siku hizo za simanzi ndipo nilipoanza kumsoma upya Johannes Rebmann, mtu ambaye wanafunzi wetu humkariri katika sentensi moja tu ya somo la historia, ya kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro.

Sentensi hiyo ni ya kweli, ila inasimulia siku moja. Mtu huyu aliishi pwani yetu kwa siku zaidi ya elfu kumi, nami nataka kuzizungumzia hizo nyingine.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Watu wake walikuwa wakulima. Katika sehemu zile palikuwa na Wakristo wengi wa mwamko wa kiroho walioshikilia kwamba imani si vazi la Jumapili, bali ni jambo la kila asubuhi, shambani na jikoni, na kwamba mpalizi wa mizabibu anaweza kumtumikia Mungu sawasawa na mhubiri aliye mimbarini. Kijana huyu alilelewa katika imani hiyo, akasoma katika chuo cha wamisheni mjini Basel, Uswisi, kisha akaingia katika shirika la CMS la Uingereza. Mwezi wa Juni 1846 akashuka Mombasa, akiwa na umri wa miaka 26.

Aliyempokea ni Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake wa jimbo lile lile, ambaye alikuwa ametangulia mwaka wa 1844 na katika miezi michache tu akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Mnamo Agosti 1846 wawili hao walipanda vilima vya Rabai, wote wakitetemeka kwa homa, huku wana punda mmoja tu wa kuwasaidia kupanda. Wazee wa Rabai waliwakubalia kukaa na kujenga. Ningependa wanafunzi walitie jambo hili akilini: kazi ambayo baadaye iliandikwa vitabuni kwa majina ya Wazungu ilianza kwa ukarimu wa wazee wa Kirabai ambao majina yao hayakaririwi na mtu darasani.

Sasa ile siku moja. Mwishoni mwa Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kuelekea nchi ya Wachaga, akiwa na wapagazi wachache na kiongozi wa safari aitwaye Bwana Kheri. Husimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa mwavuli. Walivuka nyika, wakapita nchi ya Wataita, na asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona juu ya mlima mkubwa kitu cheupe ambacho mwanzo alikidhania kuwa wingu. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, mwenziwe hakuwa na jina la kuupa ila baridi. Neno hilo lilimtosha Rebmann. Mtoto wa Württemberg aliyekulia katika majira ya theluji hakuhitaji maelezo zaidi. Wachaga wenyewe, bila shaka, walikuwa wakiujua mlima wao na weupe wake tangu enzi za mababu, kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba Rebmann aliuvumbua Kilimanjaro anastahili kusahihishwa kwa wino mwekundu.

Habari hizo zilichapishwa Uingereza mwaka wa 1849, na badala ya pongezi zikamletea dhihaka. Msomi mmoja wa jiografia mjini London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga udongo wa Afrika Mashariki, alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta na kwamba mmisheni huyu ameona mambo ya kuwaziwa. Mwaka wa 1861 msafiri wa Kijerumani, Karl Klaus von der Decken, alipanda sehemu ya mlima na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Kati ya habari za kwanza na uthibitisho huo ilipita miaka 12. Muda wote huo Rebmann hakuacha kazi yake ili aende London kupigania heshima yake. Alisema alichokiona, akarudi kwenye meza yake. (Leo sehemu kubwa ya barafu ile aliyochekewa kwa ajili yake imeyeyuka, na huenda wajukuu wetu watalazimika nao kuambiwa kwamba iliwahi kuwapo.)

Alirudi Uchagani mara mbili. Safari ya mwisho, ya mwaka 1849, alinuia kupita hadi Unyamwezi, lakini mtawala wa Machame, Mamkinga, alimnyang'anya karibu mali yote ya safari kwa jina la zawadi, akarejea Rabai akiwa mgonjwa, mikono mitupu, amelowa mvua za masika. Huo ukawa mwisho wa safari zake kubwa. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, maisha ya Rebmann yanapoanza kuwa na faida kwetu, maana watu wa aina yake kwa kawaida hutafuta mlima mwingine. Yeye alitafuta maneno.

Aliketi na wenyeji, mwaka baada ya mwaka, akiuliza jina la kila kitu. Aliandika maneno ya Kiswahili. Aliandika maneno ya lugha za Warabai na jirani zao, ambao enzi hizo watu wa pwani waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda na ambalo leo nafasi yake imechukuliwa na Wamijikenda. Tena akakutana hapo Rabai na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Wengine walimwona Salimini kuwa mali. Rebmann aliona kwamba mtu huyu amebeba lugha nzima kifuani mwake, na tangu mwaka wa 1853 akawa anaketi naye na kuandika Kinyasa neno kwa neno. Fikiri, msomaji, jinsi kazi hiyo ilivyokuwa bila fahari. Hapakuwa na shule ya Kinyasa Rabai, wala kanisa, wala soko la vitabu. Palikuwa na mtumwa mmoja aliye mbali na kwao na mgeni mmoja aliye mbali na kwao, na karatasi kati yao.

Ni kweli kwamba wenyeji hao na wafanyabiashara wa misafara walimpa pia habari za maziwa makubwa ya bara. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walizikusanya wakachora ramani iliyochapishwa miaka ya 1855 na 1856, ikionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono aliyevuliwa kombe lake. Ramani ilikosea, kwa kuwa maziwa matatu yaliunganishwa kuwa moja. Lakini kosa hilo liliwasukuma wasomi wa London kuwatuma Richard Burton na John Speke, ambao walimzuru Rebmann mapema mwaka wa 1857 kabla ya kuelekea bara. Wao wakaenda wakapata umaarufu. Yeye akabaki.

Kubaki huko kulikuwa na gharama. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya, na Erhardt akaondoka mwaka wa 1855. Kwa muda mashambulizi ya Wamaasai yalimlazimu kukimbilia Unguja, kisha akarejea. Mkewe, Emma, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya misheni Misri na ambaye alimwoa mwaka wa 1851, alizaa naye mtoto aliyeishi siku chache tu. Mwaka wa 1866 Emma mwenyewe akafariki, akazikwa huko huko. Kisha macho ya Rebmann yakaanza kufifia, jambo ambalo kwa mtu anayetunga kamusi ni sawa na seremala kukatwa mikono.

Na mavuno? Hapa ndipo hesabu inapouma. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa na Krapf akiwa kitandani mwa mauti mwaka wa 1851. Walioongezeka katika miaka iliyofuata walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kushughulikia biashara ya watumwa, alifika mwaka wa 1873 akamkuta mzee aliye karibu kupofuka, amezungukwa na karatasi zake na kundi dogo sana la waumini. Walio Ulaya walikwisha kuanza kujiuliza kama fedha na miaka yote hiyo havikupotea bure.

Sipendi kumfanya Rebmann malaika. Alikuwa mgumu, mkaidi kwa wenzake, mwepesi wa kukataa mashauri. Alizishikilia kamusi zake bila kutaka kuzitoa, akizisahihisha na kuzisahihisha tena, hata kazi ambayo ingewafaa watu mapema ikachelewa. Kuhusu mila za Warabai, yeye na wenzake waliandika mengi kwa dharau ambayo msomaji wa leo hawezi kuyasoma bila kukunja uso. Kaya iliyokuwa takatifu kwa wenyeji wao waliiona giza tupu. Anayesema kwamba uchache wa waumini ulitokana kwa sehemu na dharau hiyo hasemi uongo. Nadhani pia kwamba mtu angeweza kukaa miaka 29 mahali pamoja kwa ukaidi mtupu, na si kila anayedumu anadumu kwa imani.

Hata hivyo nikiyatazama maisha yake, naona tofauti kati ya ukaidi na imani katika jambo moja dogo. Mkaidi hung'ang'ania jina lake. Rebmann alikuwa na jina tayari, jina la mlima, na angeweza kulila maisha yake yote katika kumbi za wasomi mara tu lilipothibitishwa. Hakurudi Ulaya kulidai. Aliendelea kuitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili na kuuliza maana za maneno kwa watu ambao dunia ya enzi zile iliwahesabu kuwa si kitu. Mfano wa mpanzi tunaufundisha kila mwaka katika somo la dini, na kila mwaka wanafunzi hujibu swali juu ya aina za udongo. Sijawahi kuona mtihani unaouliza juu ya mpanzi mwenyewe, anayetembea shambani huku hajui ni mbegu ipi itaota, na ambaye pengine hatakuwapo wakati wa kuvuna.

Mwalimu wa shule isiyotajwa anamjua mtu huyo. Ana mwanafunzi mmoja aliyejifunza kusoma katika darasa la watoto hamsini, na mwanafunzi huyo hatamwinua katika orodha yoyote. Jioni mwalimu huyo bado anasahihisha madaftari kwa taa ya chemli, na afisa wa elimu akija kesho atauliza wastani wa alama. Afisa naye ana haki ya kuuliza, kwa kuwa shule ni mali ya umma na wazazi wamelipa. Ninachokikataa ni kule kudhani kwamba baada ya swali hilo hakuna jingine la kuuliza.

Mwaka wa 1875, ule ule ambao makazi ya Freretown yalianzishwa Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, Rebmann aliingia melini kurudi Ujerumani baada ya miaka 29. Alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono safarini ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Rebmann alikwenda kuishi Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, akaoa tena, mjane wa mmisheni, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki akiwa na umri wa miaka 56. Tafsiri yake ya Luka ilichapishwa mwaka huo huo. Maneno yake ya Kiswahili yalitumiwa na Krapf katika kamusi kubwa iliyotoka mwaka wa 1882, na yale ya lugha za Wamijikenda yakachapishwa mwaka wa 1887.

Kamusi ya Kinyasa, ile ya Salimini, ilihaririwa na Krapf, ikatoka chapani mwaka wa 1877, mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa.